Nukta ya Kijani

Mafundi wanne walikuwa juu ya kenchi za paa la ukumbi mpya. Mchumba wa msichana alikuwa wa tano, mbali kidogo na wenzake, amekalia boriti kama mtu aliyepanda farasi. Msichana alimtambua kwa shati. Lilikuwa lile la bluu, lililopauka mabegani, ambalo alikuwa amemsihi alitupe na yeye akacheka tu. Msichana akasimama chini ya ngazi, mfuko wa kitambaa mkononi. Hakuita. Alijua wenzake wangeita.

"Bati," mmoja wao alisema, "Bibi Miche huyo. Amekuja kukumwagilia."

"Mwambie asimwage sana," mwingine akadakia. "Huyu akilowa anashika kutu."

Walimwita Bibi Miche kwa sababu ya kazi yake kwenye kitalu cha miti, na kwa sababu magoti ya suruali yake yalikuwa na udongo siku zote. Siku nyingine angewajibu, tena angewashinda. Leo aliwatazama tu, nao wakarudia nyundo zao.

Bati alishuka haraka. Alishuka jinsi alivyofanya kila kitu, bila kusubiri, huku ndoano ya mkanda wake wa usalama ikining'inia nyuma, haijafungwa popote. Msichana aliitazama ndoano ile mpaka miguu ya mchumba wake ilipogusa ardhi.

"Mbona mchana, mpenzi? Kuna nini nyumbani?"

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapo." Akaonyesha juu kwa kidevu. "Tulikuwa tunawahi mvua. Si nilimpigia baba?"

"Ulimpigia. Ukamwambia wazee wako hawatafika kuzungumzia harusi kwa sababu wewe huwezi kushuka kwenye paa."

"Ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa."

"Na nukta yako ilikuwa ya kijani."

Bati aligeuza uso. Msichana aliliona jambo hilo. Njia nzima alikuwa akiomba mchumba wake acheke, amwambie kwamba mashine imeharibika, kwamba mtandao una wazimu. Hakucheka.

Mchezo wao ulikuwa hivyo. Kando ya jina la kila mchezaji palikuwa na nukta. Mchezaji akiwa hayupo, nukta ilikuwa ya kijivu. Akiwasha mashine na kuingia, ilikuwa ya kijani. Jana yake sebule ilikuwa imepangwa tangu asubuhi. Viti viliazimwa kwa jirani, na shangazi alipiga pasi kitambaa cha meza mpaka mikunjo yote ikaisha. Halafu simu ikalia. Baba alisikiliza, akasema, "Haya, kazi ni kazi," akaingia chumbani kwake na kufunga mlango polepole. Msichana alibaki na mikono isiyo na kazi. Akawasha mashine yake ili mikono hiyo ipate pa kushika, na hapo akaiona nukta ya Bati, kijani kibichi, saa ya jua kali. Akaandika, "Uko wapi?" Papo hapo nukta ikawa kijivu.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake. "Kumbe paa lenyewe ndilo hilo," alisema.

"Sikuwa mimi," Bati alisema sasa.

"Nani basi?"

Alitazama viganja vyake. "Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Niliapa."

"Ulimwapia mtu mwingine kabla hujaniapia mimi."

"Usiseme hivyo. Nipe siku mbili, nitaomba ruhusa, nitakueleza."

"Ruhusa ya nani, Bati? Unamjua baba. Unakumbuka alisemaje siku ile?"

Alikumbuka. Wote wawili walikumbuka. Baba alikuwa amesema hana ugomvi na gemu. Ugomvi wake ni na mtu asiyejua saa. Nao wakamwahidi, wamekaa bega kwa bega kama wanafunzi mbele ya meza ya mkuu wa shule. Jua likiwa juu, ni kazi. Gemu ni baada ya kuoga, tena kwa saa moja, kisha chakula na usingizi. Msichana aliitunza ahadi hiyo kwa shida zaidi ya Bati, maana yeye ndiye aliyekuwa mchezaji hodari. Aliamka gizani kumwagilia miche, akashinda juani akibeba trei za udongo, na siku nzima aliisubiri saa ile moja kama mtu anayesubiri maji. Ilikuwa saa yao. Ndani yake walikuwa wapanda mlima wawili waliofungwa kamba moja. Hakuna kazi, hakuna shangazi, hakuna jua.

"Basi mzigo wako nitaupeleka kwenu," alisema. "Sitaki kukaa nao."

Ndani ya mfuko kilikuwamo kidhibiti cha gemu ambacho Bati alimnunulia walipochumbiana, chekundu, chenye mkwaruzo tangu siku shangazi alipokikalia.

Uso wa Bati ulibadilika. "Usiende nyumbani."

"Kwa nini?"

"Nakuomba. Nipe mimi hapa."

"Kwenu kuna nani, Bati?"

Juu ya kenchi msimamizi aliita. Karatasi ya bati ilikuwa imeinuliwa nusu, na upepo ulikuwa umeanza kuivuta. Bati alitazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena. Alipogeuka, msichana alikuwa ameshafika barabarani.

*

Aliyemfungulia mlango alikuwa mke wa kaka yake Bati. Mikono yake ilikuwa na povu, na kitambaa cha kufutia kilikuwa begani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye nywele zilizofungwa kwa haraka na viatu vya kiume miguuni.

"Karibu, mdogo wangu," alisema, lakini hakuuachia mlango. "Bati hajarudi."

"Najua, dada. Naacha tu mzigo."

Wakati huohuo aliisikia sauti kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya upepo kwenye jabali, na chini yake mkwaruzo wa viatu juu ya mawe. Angeweza kuitambua usingizini. Alipita kando ya yule mwanamke bila kuomba radhi na kuingia sebuleni, tayari kabisa kumkuta msichana mwingine.

Alimkuta Fundi Mkubwa, kama mafundi wote walivyomwita kaka yake Bati.

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameuelekea ukuta wenye runinga. Beseni la maji lilikuwa chini ya miguu yake. Mikononi alikuwa na kidhibiti, na mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwacho kwa ukanda wa mpira wa tairi, kwa kuwa vidole vya mkono huo havikushika tena vizuri. Kwenye kioo cha runinga alisimama mpanda mlima wa koti la njano, mpanda mlima wa Bati, amekita kisigino kwenye mwamba.

"Shemeji," Fundi Mkubwa alisema. Alijaribu kukificha kidhibiti chini ya shuka la magotini, lakini ukanda ulimzuia. Akaacha.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Na jana mchana?"

"Jana mchana nilikuwa najifunza ule ufa wa pili wa mlima, unaotusumbua. Ulipoandika nilishtuka, nikazima. Mdogo wangu alikuwa juu ya paa, shemeji. Kama huo mfuko ni wa kuvunja uchumba kwa sababu ya jana, urudishe. Hakukudanganya."

Msichana aliketi kwenye kiti cha karibu. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetolewa mwiba.

"Mbona hamkusema? Ningekula mtu?"

"Wewe usingenila. Mafundi ndio wangenila." Fundi Mkubwa alitabasamu upande mmoja. "Unajua nilimfanyia nini Bati nikiwa mzima? Nilimtupia mashine yake nje, mvuani. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mwanaume hashiki kichezeo. Halafu nikaanguka kutoka paani. Daktari akasema vidole vinataka kazi ya kila siku, na kazi gani nitaipata mimi hapa? Bati akaniwekea hiki mkononi bila kusema neno. Nikamwapisha. Asimwambie fundi, asimwambie mwanamke."

"Mimi ni mwanamke gani, shemeji? Mimi nacheza kukushinda."

"Hilo nalijua."

Alilisema upesi mno. Mke wake, aliyekuwa amerudi na kupiga magoti kando ya beseni, aliacha kufuta.

Msichana aliitazama runinga. Mpanda mlima wa koti la njano alikuwa bado amekita kisigino, kamba ameizungusha kiunoni, uso ameuinua kuelekea mahali ambapo mwenzake angepanda. Hakuwepo mwenzake. Hata hivyo alikuwa tayari kumshika. Zamani Bati hakusimama hivyo hata siku moja. Bati aliruka kabla ya kuhesabu, akaanguka, akaandika, "Nishike nishike," na msichana akambana kwa mikono miwili huku kidhibiti kikimtetemekea. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya mchezo. Mmoja akianguka, mwingine hubana vitufe viwili bila kuachia mpaka mwenziwe arudi ukutani. Anayening'inia anacho kisu kiunoni. Akiona anamvuta mwenziwe, anaweza kukata kamba. Bati alikuwa ameapa hatakata kamwe. "Afadhali tuanguke wote," aliandika zamani, akaweka na kibonzo cha moyo.

Lakini tangu majira ya mvua Bati alikuwa amebadilika. Alisema maiki yake imekufa, wakawa wanaandikiana tu. Maneno yake yakawa machache. Akawa anasubiri. Akawa anajikita kwanza, ndipo anaandika, "Panda." Jioni moja walipoteleza pamoja, alikata kamba ili msichana abaki juu, na alipomuuliza kwa nini, alimjibu, "Mmoja akianguka inatosha." Msichana alilala na maneno hayo. Asubuhi alimwambia shangazi kwamba Bati amekua, kwamba sasa angeweza kuolewa naye hata kesho.

"Shemeji," alisema polepole. "Unacheza mchana tu?"

Fundi Mkubwa aliuvuta ukanda wa mpira mkononi.

"Na jioni?"

"Jioni anakuja amechoka. Anakula amesimama. Akioga analala na taulo. Anapaua sehemu mbili, unajua, ili kile chumba chenu kiishe." Alivuta pumzi. "Mara ya kwanza ulijiunga mwenyewe. Kamba ikafungwa kabla sijajua nibonyeze wapi. Nikasema nikuandikie kwamba si yeye. Wewe ukawahi, ukaandika, 'Mbona umechelewa, mjinga wewe?' Nikashindwa. Tangu nianguke hakuna aliyeniita mjinga. Wote wananiita pole."

"Na Bati alijua?"

"Alijua. Alisema unafurahi. Alisema nikuache ufurahi mpaka amalize chumba."

Basi alikuwa na haki ya kukasirika, na hasira ilikuwa njiani. Saa yao moja, ile aliyoilinda juani na gizani, Bati alikuwa amempa mtu mwingine aikalie kama kiti cha kinyozi. Lakini hasira haikufika. Kabla haijafika alikumbuka jioni ya mvua.

"Jioni ile ya mvua," alisema. "Ile tuliyokaa kwenye kijishubaka cha mwamba, hatukupanda. Niliandika mambo mengi. Alikuwa nani?"

"Mvua imenyesha jioni nyingi, shemeji," Fundi Mkubwa alisema kwa upole. "Mimi sikumbuki."

"Mwambie," mke wake alisema. "Au nitasema mimi."

"Mke wangu."

"Nilikuwepo. Nilikuwa namkata kucha." Hakupandisha sauti. Alikuwa akikamua kitambaa, na maji yalidondoka kwenye beseni moja moja. "Herufi zenu ni ndogo, macho yake hayazioni. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea, kila jioni. Na jioni ile nikamsomea pia. Nilianza sentensi bila kujua inaishia wapi."

Msichana alijua inaishia wapi. Siku ile alikuwa amemwona Bati akishuka kwenye paa refu bila kufunga ndoano, na hofu haikumtoka mpaka jioni. Akaandika kama mtu anayeandika kwa mume wake gizani. Aliandika kwamba anaogopa kuolewa na fundi paa. Aliandika kwamba akimtazama mke wa kaka yake Bati haoni maisha, anaona kifungo. Akaandika kwamba afadhali kaka angekufa siku ileile aliyoanguka, wote wawili wakapumzika.

Jibu lilikuwa limechelewa. Kisha likaja: "Nimeelewa. Tuendelee kupanda."

Na yeye aliona ni jibu zuri. Aliona amepata mtu anayemwelewa.

"Dada," alisema. Alishuka kutoka kitini, akajikuta sakafuni, upande wa pili wa beseni. "Dada, sikujua."

"Najua hukujua."

Mlango uligonga ukuta. Bati aliingia anahema, kofia ya kazi bado kichwani, vumbi la mbao kwenye kope. Alitazama kidhibiti mkononi mwa kaka yake, akamtazama mchumba wake aliyekaa chini, na uso wake ukajaa ahueni ya kijinga, kwa sababu aliamini siri iliyokuwepo ilikuwa ni ile moja.

"Basi umeshajua," alisema. "Nilitaka kukuambia. Kaka, samahani, nilimkataza asije. Mbona mmenyamaza?"

Alimgeukia yule mwanamke.

"Shemeji, kuna nini?"

Mke wa kaka yake akamwambia. Aliyarudia maneno yale yote kwa mpangilio wake, hakuongeza, hakupunguza, kama mtu anayemkabidhi mwingine mzigo wake. Alipomaliza, Bati aliivua kofia.

"Nani kasema hivyo?"

"Hakuna," alisema Fundi Mkubwa.

"Mimi," alisema msichana.

"Uliandika hayo? Kwa kaka yangu?"

"Nilidhani nakuandikia wewe."

"Ndiyo hilo. Ulitaka kuniandikia mimi." Sauti ya Bati ilikuwa ndogo. "Ungeniambia usoni."

"Usoni ulikuwa umelala."

Fundi Mkubwa aliinua mkono wake wa kulia. "Acheni. Alichosema ni kweli. Hata mimi nimewahi kusema hivyo, tena mara nyingi."

"Mimi sijawahi," alisema mke wake.

Kwenye kioo upepo uliendelea kuvuma, na mpanda mlima wa koti la njano aliendelea kusubiri. Msichana alitamani mtu mmoja apige kelele, amtukane, amfukuze. Angejua la kufanya. Badala yake yule mwanamke alifuta mikono, akamshika kiwiko, akamwinua.

"Simama, sakafu ina maji. Nimekusamehe, mdogo wangu, nilikusamehe kabla hujaja. Ulikuwa na hofu, na hofu haina adabu. Lakini chumba chenu kiko hatua chache kutoka dirisha langu. Kila asubuhi namgeuza, namwosha, namvalisha. Nimefanya hivyo bila mtu kunitazama kama mfungwa. Siwezi kuanza sasa."

"Shemeji," Bati alisema, "usiseme neno ambalo—"

"Sijakukataza kuoa. Nimesema la kwangu."

*

Walitoka nje wawili. Chumba kilikuwa upande wa nyuma, kuta zimefika juu, madirisha yamewekwa. Kilikosa kitu kimoja tu, paa. Bati alikuwa amepaua nyumba za watu mwaka mzima ili apate mabati yake, na bado chumba chake kilikuwa wazi kwa mbingu. Waliingia na kusimama katikati. Jua la alasiri liliangukia ukuta mmoja.

"Kitanda tulisema hapa," alisema Bati.

"Na mashine pale. Vidhibiti viwili, tucheze tumekaa pamoja."

"Ndiyo."

Alimtazama. Kulikuwa na vumbi kwenye shingo yake, na chini yake mshipa ulikuwa unapiga. Alitaka kuweka kiganja pale. Miezi mingi alikuwa akimsubiri mtu huyu jioni, na mtu huyu alikuwa amelala na taulo, mikono imechubuka kwa ajili ya kuta hizi.

"Shuka kwenye mapaa," alisema. "Njoo kitaluni. Wanatafuta watu wa kuchimba mashimo, wa kupanda nyasi. Tutapanga chumba mbali kidogo. Nakuomba, Bati."

"Na ndani mle watakula nini?"

"Tutawasaidia."

"Kwa mashimo?" Hakusema kwa dharau. Aliuliza kweli. "Dawa zake peke yake zinakula malipo ya paa zima. Mimi nikishuka, yeye ndiye atakayehesabu kwamba nimeshuka kwa sababu yake."

"Basi funga ndoano. Hilo tu. Niapie kwamba utafunga."

"Nikifunga nachelewa. Nikichelewa wanamchukua mwingine." Alipangusa uso kwa mkono wa shati lile. "Naweza kukuapia. Unataka nikuapie?"

Alijua kiapo hicho kingekuwa cha namna gani. Akatikisa kichwa.

"Nani alinisubiri, Bati?" aliuliza. "Miezi yote ile. Nani alijikita kwanza ndipo nipande? Nilikupenda zaidi kwa ajili ya hilo. Sasa sijui niuweke wapi upendo wote ule."

Bati alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa haraka, na kumwona akifikiri hivyo kulimuumiza kuliko jambo lolote la siku ile.

"Mimi si mtu wa kusubiri," alisema mwishoni. "Mimi ni mtu wa kuruka. Ulinipenda hivyo mwanzoni."

"Nilikupenda."

"Na sasa?"

Alifungua mdomo kusema bado. Lakini aliiona ile ndoano kiunoni mwake, ikining'inia, ikigonga paja kila alipohema, na neno likakwama. Bati aliliona likikwama. Akaokota mfuko wa kitambaa, ambao msichana alikuwa ameuweka kwenye ukingo wa dirisha, akaurudisha mikononi mwa msichana na kuvifunga vidole vyake juu ya mfuko.

"Hiki nilikununulia," alisema. "Nenda nacho."

Alimsindikiza mpaka langoni. Hawakushikana mikono. Mke wa kaka alikuwa akianika mashuka, shuka baada ya shuka, na hakugeuka.

*

Nyumbani viti vya kuazima vilikuwa vimerudishwa kwa jirani. Baba alikuwa akisoma. Aliinua macho, akayaona aliyoyaona usoni mwa binti yake, akayarudisha kwenye gazeti bila kuuliza. Kutoka jikoni shangazi aliuliza kama amekula. Alijibu kwamba hana njaa.

Alioga. Alisugua udongo kwenye kucha mpaka ngozi ikauma. Ilikuwa saa yao, na miguu ikampeleka yenyewe. Akawasha mashine akiwa na nia moja, kuitoa ile kamba na kuondoka. Kidhibiti chekundu kilikuwa baridi mkononi.

Nukta ya Bati ilikuwa ya kijani.

Mpanda mlima wa koti la njano alisimama kwenye mwamba wa juu. Msichana alikaa bila kupumua. Hakujua ni vidole vya nani. Kama ni vya Fundi Mkubwa, kisigino kingekitwa sasa. Alisubiri. Kisigino hakikukitwa. Koti la njano lilirudi nyuma kidogo, likachukua mbio, likaruka bila kuhesabu, bila kumwandikia neno, kuelekea jiwe ambalo wote wawili walijua liko mbali mno.

Akaanguka. Kamba ikakaza, na kidhibiti kikaanza kutetemeka mikononi mwake.

Alibana vitufe viwili kwa nguvu zake zote. Alimshika. Bati alikuwa amerudi, Bati mwenyewe, mrukaji, mjinga wake, ananing'inia juu ya ukungu na uzito wake wote uko kwake. Alitaka kuandika, "Bado." Alitaka kuandika, "Nakupenda, funga ndoano, tutaona." Lakini hakuna awezaye kuandika na kubana kwa wakati mmoja. Angeachia kidole kimoja tu, angemwangusha. Basi akabana na kulia, akimngoja arudi ukutani.

Hakurudi ukutani. Alining'inia kidogo, akiyumba polepole, kama mtu anayetazama chumba mara ya mwisho. Kisha mkono wa njano ulikwenda kiunoni, kwenye kisu.

Kidhibiti kikaacha kutetemeka.

Nukta ikawa ya kijivu. Kwenye mwamba alibaki mpanda mlima mmoja na kipande cha kamba, na njia ya juu ikafunguka mbele yake, nyeupe, haina mtu.

"Gemu limekwisha?" shangazi aliuliza kutoka jikoni. "Umeshinda?"

Vidole vyake vilikuwa bado vimebana.